Tipu ya kabaidi, HSS ya kunoa au dai: kipi kinafaa kwa thredi ya M20 kwenye lethi ya zamani?

Karakana_Kariobangi
Habari zenu, mafundi. Nimepata kazi ya kukereza shafti za mashine za kusagia posho. Kila shafti inatakiwa iwe na thredi ya M20 (kipenyo cha milimita 20) yenye pichi, yaani umbali kati ya meno, ya milimita 2.5, inayoishia karibu sana na bega, pale shafti inapoanza kuwa nene, na upande wa pili tundu la M10 lisilopenya. Chuma ni EN8, chuma cha kaboni ya wastani. Lethi yangu ni ya Uingereza, ya zamani, na skrubu inayoendesha kareji (sehemu inayobeba kifaa cha kukatia) ni ya inchi. Muuzaji mmoja wa vifaa ananisukuma ninunue kishikio na tipu za kabaidi (vipande vidogo vigumu vya kukatia vinavyobadilishwa), akisema HSS, yaani chuma cha mwendo kasi unachokinoa mwenyewe, imepitwa na wakati, ilhali jirani yangu hapa anasema ninunue dai tu, kile kifaa cha mviringo cha kukatia thredi za nje, niachane na hesabu. Kijana ninayefanya naye kazi bado hajajua kunoa. Ninyi mngechagua nini?

Mwalimu_wa_Lethi
Ndugu, kabla ya kuuliza bei, uliza mwendo. Tipu ya kabaidi kwenye chuma kama hicho hupenda mwendo wa karibu mita 100 kwa dakika. Kwa kipenyo cha milimita 20, hiyo ni mizunguko ipatayo 1,590 kwa dakika, na kwa kuwa kareji husogea milimita 2.5 kila mzunguko, itakuwa inakimbia karibu milimita 66 kila sekunde kuelekea begani. Thredi ya urefu wa milimita 40 itakwisha kabla hujapepesa jicho, na hakuna mkono utakaoiondoa tipu kwa wakati. HSS kwa mita 12 kwa dakika inahitaji mizunguko 190 hivi, na kareji inasogea milimita 8 kwa sekunde. Hapo unaona unachokifanya. Muuzaji hajakudanganya kuhusu tipu, ila hajakuuliza una mashine gani.

Ubaya mwingine wa kabaidi ni kwamba haivumilii spindo (mhimili unaoizungusha kazi) kusimama wakati ncha ingali ndani ya chuma. Ukizima mota kwa hofu ya bega, ukirudi utakuta ncha imemeguka.

BabaDogo_CNC
Kwa heshima zote, Mwalimu, mita 100 ni hesabu ya mashine zetu za kompyuta. Tipu iliyonolewa kwa ukali hukubali hata mita 40, ingawa meno hayatang'aa sana. Faida yake ambayo hukuitaja ni pembe: kijana asiyejua kunoa atatoa HSS ya digrii 57 leo na 62 kesho, na nati itakataa kuingia, au itaingia ikichezacheza. Tipu inakuja na digrii 60 zake tayari, na ina ncha tatu.

Hata hivyo tipu si aina moja. Ile iliyoandikwa 16ER AG60 hukata pichi zote kuanzia 0.5 hadi 3, lakini mviringo wa ncha yake ni mdogo kwa sababu lazima uitosheleze ile pichi ndogo kabisa. Kwa hiyo kwenye pichi ya 2.5 inabidi uchimbe zaidi kidogo, na shina la jino linabaki kali. Ile ya 16ER 2.5 ISO hukata pichi moja tu, ila inaunda jino zima na kusawazisha kilele chake. Kwa shafti inayotetemeka siku nzima kinuni, mimi ningelipia hiyo ya pili.

Spea_Kirinyaga
Dai kwa M20 kwenye EN8 ni adhabu. Inataka nguvu nyingi, na ikianza kwa kupinda kidogo tu, thredi yote itapinda. Ninaiheshimu kwa M12 kushuka chini, au kwa kupitisha mara ya mwisho juu ya meno ambayo lethi imekwisha kuyachonga. Na ukienda kununua tipu, soma maandishi ya kwenye kiboksi: mabomba yetu ya maji ni ya BSP (kipimo cha Uingereza cha thredi za mabomba), ambayo ni digrii 55, na madukani AG55 na AG60 hukaa rafu moja.

Karakana_Kariobangi
Nashukuru. Mwalimu, hilo la skrubu ya inchi linabadilisha chochote?

Mwalimu_wa_Lethi
Linabadilisha sana. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo pichi kamili ya milimita hupatikana kwa gia ya meno 127, na ukishaanza kukata usiifungue nati ya kareji, ile inayoishika skrubu, hadi umalize. Unaiondoa ncha, unageuza mota, unarudi nayo. Maana yake ni kwamba kila pasi spindo lazima isimame, na wewe una bega. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kushikilia HSS. Noa vipande viwili wewe mwenyewe, uvipime kwa geji ya pembe, kisha mpe kijana akiwa anatazama.

BabaDogo_CNC
Kuna njia ya kulikwepa bega: chonga kwanza mfereji karibu nalo, geuza kishikio juu chini, zungusha spindo kinyume, na ukate kutoka begani kwenda nje. Ncha inatokea hewani, kwa hiyo unasimamisha mota unapotaka.

Mwalimu_wa_Lethi
Njia hiyo ninaikubali, mradi chaki (kishikio cha kazi) ya lethi yake isiwe ile inayofungwa kwenye spindo kwa thredi, maana ikizungushwa kinyume chini ya mzigo inaweza kufunguka na kumwangukia. Lethi nyingi za zamani ziko hivyo. Angalia hilo kwanza.

Spea_Kirinyaga
Tusilisahau tundu la M10. Toboa kwa biti ya 8.5, na upitilize kina kidogo ili chenga zipate pa kukaa. Kwa kuwa halipenyi, chukua tapu (kifaa cha kukata thredi ndani ya tundu) yenye mifereji ya kujipinda, ambayo huzivuta chenga kuja juu. Ile yenye ncha iliyochongwa kimshazari huzisukuma mbele, na mbele hapo hamna njia. Seti za bei ya chini za chuma cha kaboni ziache, kwani tapu ikivunjikia ndani ya EN8, gharama ya kuitoa itazidi ya shafti.

Karakana_Kariobangi
Nimeiangalia chaki: inafungwa kwa thredi. Basi nitakwenda na HSS, gia ya 127 ninayo, na tapu nitaifuata Jumatatu.