Anayeandika kaunti 47 anapigwa sifuri, chuo kikuu, mwaka huu!!

Wadau nimechoka na leo nasema. Mimi ni lekcha wa patitaimu hapa Kisumu, chuo sitaji, hela ya semista iliyopita bado sijaiona lakini hiyo tuiache. Nafundisha ile uniti ya lazima ya uraia, taifa ni nini, dola ni nini, watoto mia nne na ushee kwa ukumbi mmoja, maiki ukiigusa inalia kama mbuzi.

Hayo nimezoea. Shida ni noti. Idara ilinipa zilezile za kabla ya 2010, zimepigwa fotokopi mpaka herufi za pembeni zimekufa, na ndo zinauzwa pale geti bob sitini. Ukurasa wa tatu: Kenya ina mikoa 8 na wabunge wa kuchaguliwa 210. Jameni!! Katiba ilizinduliwa 27 Agosti 2010, hawa walikuwa nasari, wamekulia kwa kaunti 47 na maeneo bunge 290, alafu nisimame nianze kuwafundisha habari ya PC, yule mkuu wa mkoa wa zamani?

Nikaziweka kando nikaanzia nyumbani, nikawaambia hapa mlipokaa palikuwa Uganda mpaka 1902, yaani reli ilipofika ziwani Desemba 1901 ilikuwa imefika Uganda kweli kweli, mwaka uliofuata mzungu akachora upya na babu zenu wakaamka upande huu bila kuhama. Kijana wa nyuma akauliza, sasa mwalimu na Migingo je, kile kisiwa cha ziwani tunachogombania na Uganda? Weee. Tulipitisha nusu saa na hakuna aliyebeba begi.

Sasa mtihani. Nilitunga wangu, idara ikaubadilisha: taja mikoa ya Kenya, maksi 8. Binti mmoja akaandika "mikoa ilishaondolewa, angalia Jedwali la Kwanza la Katiba", akashuka na kaunti, Mombasa, Kwale, Kilifi, mpaka akafika Nairobi bila kuruka hata moja. Nikampa zote nane. Juzi skripti zimerudi kutoka moderesheni, yaani maksi kukaguliwa upya, nane yangu imekatwa na kalamu nyekundu, sifuri, na mimi nimepewa barua eti sikufuata mwongozo wa kusahihisha.

Binti anatakiwa kurudia na kurudia ni kwa pesa. Leo amenikuta kwa ngazi, maana ofisi sina, ananiuliza, "Mwalimu, nikirudia niandike nini?"

Mkubwa wa idara hashiki simu.