Naomba ushauri: vijana wameipokea riwaya hii kwa namna tofauti

Ndugu zangu, ninaongoza kikundi cha usomaji cha vijana wa kanisa, na tumemaliza riwaya ya C. S. Lewis ya mwaka 1950, ambamo simba Aslan anakubali kuuawa juu ya meza ya mawe badala ya mvulana msaliti, kisha anafufuka. Binti mmoja alilia, akasema sasa ameielewa Ijumaa Kuu. Mwenzake alivutiwa na vita tu. Mzazi mmoja amekirudisha kitabu, kikaratasi kikiwa pale mchawi anapomlisha mvulana vitu vitamu (nadhani hakufika mwisho, mchawi anaposhindwa). Je, niwafafanulie vijana maana ya simba huyo, au niwaache waigundue wenyewe? Na mzazi huyo nimjibu vipi bila kumvunjia heshima?