Ibada paredi shule ya serikali, ni sawa?

Mama Likoni: Jamani, binti yangu yuko shule ya msingi ya serikali, Ijumaa asubuhi paredi watoto wote waimbishwa mapambio, na wetu Waislamu wamo humohumo. Ni sawa kweli?

Kisauni Boy: Si sawa dadangu. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 8 chasema hakuna dini ya taifa, cha 32 chakataza mtu kulazimishwa jambo linalopinga imani yake. Mwone mwalimu mkuu.

Ticha wa Changamwe: Mimi nafundisha CRE (somo la dini ya Kikristo), mwenzangu IRE (la Kiislamu), kila mtoto na darasa lake, hayo ni masomo yana mtihani yasiguswe, lakini kuombesha watoto wa watu hapana.

Bi Mkubwa: Wataleta kisingizio kanisa ndio sponsa (mfadhili wa shule), na walimu walipwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, kodi yetu sote!