Wapinzani, maovu ya serikali tunayajua. Tuambieni ya kwenu!

Wakuu,

Nimetoka kwenye mkutano wa chama ninachokipigia kura tangu nifikishe umri wa kupiga kura, na damu inanichemka. Saa mbili na nusu za hotuba: serikali imeiba, serikali imeshindwa, serikali iondoke. Tunajua! Sisi ndio tunaoumia, mnatusimulia nini?

Ukafika muda wa maswali. Nikanyoosha mkono: mmesema matibabu yatakuwa bure, je, fedha zitatoka wapi na mtaanza na nani? Mgombea akacheka. "Fedha zipo, zinaliwa tu." Makofi na vigelegele. Nikarudia swali, jamaa wa nyuma akanivuta shati: "Kaa chini, pandikizi wewe." Mimi! Mwenye kadi ya chama mfukoni!

Nyumbani nikafungua ilani. Sura ya afya kurasa sita: tutaboresha, tutaimarisha, tutahakikisha. Hiyo "tutahakikisha" nimeihesabu mara kumi na saba nikachoka. Tarakimu pekee mle ndani ni namba za kurasa.

Na asije mtu kuniambia eti ukiwa nje ya serikali huwezi kupanga. Ghana, uchaguzi wa 2000, chama cha NPP kikiwa upinzani kiliahidi kufuta utaratibu wa kulipa kwanza ndipo utibiwe. Kiliposhinda, sheria ya bima ya afya ikapita 2003 na mfuko ukatajwa: tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma, pamoja na sehemu ya michango ya hifadhi ya jamii. Ichukie hiyo tozo ukitaka, lakini ulijua unatoa nini na unapata nini.

Uingereza ndiyo inayoniuma zaidi. Chama cha Labour walikuwa nje ya serikali tangu 1979, wamepigwa chaguzi nne mfululizo. 1997 wakaja na kikadi cha kutia kwenye pochi, ahadi tano tu. Mojawapo: madarasa ya watoto wa miaka 5, 6 na 7 yasizidi wanafunzi 30, na fedha zitolewe kwenye mpango uliokuwa ukiwalipia baadhi ya watoto karo za shule binafsi. Isome tena taratibu. Imemtaja anayefaidika, imetaja idadi, imetaja mfuko wa kuchota. Na imemtaja atakayenuna! Kuna wazazi waliokuwa wakilipiwa karo ambao walijua kabisa huu mpango unawagusa. Hapo ndipo wapinzani wetu wanapokimbia. Wanataka ahadi ambayo tajiri, maskini, mwajiri na mfanyakazi wote wataipigia makofi, ndiyo maana hakuna anayeiamini.

Najua kuna mtu ataleta habari za John Hewson, aliyekuwa kiongozi wa upinzani Australia: aliweka kila kitu mezani, akapigwa. Kweli, 1993 alishindwa uchaguzi uliodhaniwa ni wake. Lakini mpango wake ulikuwa na kurasa zaidi ya 600 na kodi mpya ya asilimia 15 kwenye bidhaa na huduma, na siku kumi kabla ya kura akaulizwa kwenye televisheni kama keki ya sikukuu ya kuzaliwa itapanda bei au itashuka. Akaanza kuzunguka mbuyu, mara inategemea keki ipi, mara ina mapambo au haina. Hesabu zote alikuwa nazo, ila jibu la mnunuzi wa keki hakuwa nalo. Kilichomponza ni kushindwa kujieleza, sio uwazi.

Uholanzi, tangu 1986, vyama hupeleka ilani zao kwa taasisi ya uchambuzi wa uchumi zikapigiwe hesabu, matokeo yanatoka hadharani kabla ya kura. Nyie hamna taasisi ya namna hiyo? Tafuteni wahasibu watatu wastaafu wasio na kadi yenu, wapeni ilani, chapisheni watakachosema hata kikiwaaibisha. (Na huyo waziri kivuli wenu wa afya, mara ya mwisho kumsikia akizungumzia afya ilikuwa lini? Kila siku yupo kwenye mambo ya polisi.)

Haya, waiteni chawa wenu waje wanitukane. Ila kama kuna mgombea anapita hapa, swali langu bado lipo palepale: fedha zitatoka wapi na mtaanza na nani?