Mwaka wa tatu UGA, Athens: bweni, apatimenti ya mjini, au niendeshe kila siku kutoka Clarkston?

Binti wa Nyarugusu

Wakuu, habari zenu. Nimemaliza miaka miwili pale chuo cha Perimeter, kampasi ya Clarkston, huku karibu na Atlanta, Marekani, na barua imekuja: Chuo Kikuu cha Georgia (UGA), mjini Athens, kimenichukua kuanzia Agosti, biolojia, mwaka wa tatu. Mama kaibandika kwenye friji, juu kabisa ya ratiba ya zamu zake za kiwanda cha kuku. Furaha ipo, ila sasa ndiyo hesabu imeanza.

Naona njia tatu. Bweni la chuo: sheria ya kulazimika kulala chuoni inawabana wa mwaka wa kwanza tu, kwa hiyo kwangu ni hiari, nafasi ikipatikana. Apatimenti za wanafunzi mjini Athens, zile za watu wanne, kila mmoja chumba chake na mkataba wake: nilipoulizia wameniambia dola 700 kwa mwezi. Au nibaki nyumbani, niwe nachukua barabara ya 78 asubuhi na kurudi jioni. Ni kama maili 60 kwenda tu. Corolla ya mjomba ipo, ya 2009, bado ina pumzi.

Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu wako watatu, na barua zote za nyumbani, za shule, za bima, za mwenye nyumba, msomaji ni mimi. Kiingereza cha mama ni cha kazini tu. Ada itabebwa na HOPE, ule ufadhili wa jimbo la Georgia, chumba haibebi. Mliopita pale, mlikaa wapi? Na mngeambiwa mrudie, mngekaa hapo hapo?

Mkulima254

Hongera sana dada. Sasa nikuambie kama ndugu yako: usiendeshe.

Mimi nilikaa Loganville kwa binamu, karibu nusu ya njia yako, nikijiambia naokoa pesa. Darasa ni saa mbili asubuhi, kwa hiyo saa kumi na moja na nusu uko kwa gari. Ukifika, kuna stika ya maegesho. Unailipia, na bado haikuweki mlangoni pa darasa. Yangu ilikuwa ya uwanja wa mbali hivi kwamba nikishaegesha, napanda tena basi la chuo.

Chukua kalamu. Maili 120 kwa siku, gari la maili 30 kwa galoni, hizo ni galoni nne. Siku nne kwa wiki, galoni 16. Weka dola tatu kwa galoni: 48. Hapo kila mtu anasema, ah, rahisi. Ngoja. Kwenda na kurudi ni saa tatu, maana taa za Snellville hazina huruma. Hizo ni saa 12 kwa wiki. Saa 12 hizo ungekaa kwa dawati la maktaba ukilipwa, tuseme, dola 11, ni 132. Ongeza mafuta, 180. Muhula ni wiki 15, kwa hivyo 2,700. Kodi yako ya miezi minne ni 2,800. Umeokoa dola mia moja, na Corolla ya mjomba imekula maili 7,200.

Mimi nilihama kwa sababu nyingine lakini. Novemba moja usiku, karibu na Monroe, nilishtuka matairi yananguruma kwa ukingo wa barabara. Sikumbuki dakika ya nyuma yake. Nilisimama kituo cha mafuta nikanunua kahawa, mkono unatetemeka mpaka nikaimwaga.

Bahari ya Kusini

Athens ya nini? Njoo Tuscaloosa, Chuo Kikuu cha Alabama. Roll Tide.

Mkulima254

Wewe nenda ukalale. Fainali ya futiboli ya vyuo, msimu wa 2021, tuliwachapa 33 kwa 18, na msimu wa 2022 tukabeba tena.

Mwana wa Pangani

Hesabu ya Mkulima nzuri, ila yeye alisoma biashara, hajui maabara. Binti, ukiwa biolojia utakuwa na maabara za saa tatu, na nyingine huwekwa alasiri mpaka jioni. Watu wanaoendesha kutoka mbali hujibana Jumanne na Alhamisi, siku zenye vipindi virefu, ili waje mara mbili tu kwa wiki. Mwanafunzi wa historia anaweza. Wewe ratiba yako itaipanga maabara, si wewe.

Mimi nilikaa East Campus Village: Busbee, McWhorter, Rooker, Vandiver, ni majengo ya chuo lakini ndani ni kama nyumba, jiko lipo, chumba chako na mlango wako. Hapo ndipo pa kuombea, usiombe yale mabweni marefu ya akina Russell na Brumby, yale ni ya watoto wa mwaka wa kwanza, saa nane usiku bado wanakimbizana kwenye korido. Umeme na intaneti vimo ndani ya malipo. Mkataba ni wa mwaka wa masomo, Mei unakabidhi funguo, huna deni la kiangazi. Ubaya wake ni kwamba wanaohamia kutoka vyuo vingine hupata kilichobaki, kwa hiyo omba leo, usingoje Julai.

Jiko lina maana kuliko unavyodhani. Kadi ya chakula ya mabwalo unakula bila kipimo, na bwalo la Bolton wanapika vizuri, sisemi uongo. Lakini wiki ya tatu ulimi unaanza kudai. Nilikuwa na sufuria moja niliyotoka nayo Tanga, chini imepinda, haikai sawa kwenye yale majiko yao bapa ya umeme, inabidi uishike kwa kitambaa mkono wa kushoto huku wa kulia unasonga ugali. Mwenzangu wa nyumba, msichana wa Valdosta, alikuwa anakuja kunishikia sufuria. Ndivyo tulivyozoeana. Baadaye yeye akawa ananipikia grits, nikamwambia dada huu ni uji mzito wa mahindi, mmetuibia.

Jambo jingine, na hili watu wengi wanaopita pale hawalijui. Swali lako ni la zamani pale pale. Januari 1961 mahakama ilipolazimisha chuo kupokea wanafunzi weusi wawili wa kwanza, Charlayne Hunter na Hamilton Holmes, wote vijana wa Atlanta, binti alipewa chumba ndani ya Myers Hall, bweni la chuo, na kijana akakaa mjini kwa familia moja ya Weusi. Usiku wa tarehe 11 kundi la watu lilikusanyika nje ya Myers likarusha matofali na chupa madirishani. Wakawasimamisha masomo hao wawili, eti kwa usalama wao, mpaka mahakama ikaamuru warudishwe. Holmes alikuwa kila mwisho wa wiki anarudi kwao Atlanta. Wote wawili walimaliza 1963, Holmes akaja kuwa daktari wa mifupa. Leo jengo la utawala lina majina yao. Nilikuwa napita Myers kwenda bwaloni kila siku, na kila nikipita natazama madirisha ya chini.

Sikwambii hivyo kukutisha, siku hizi Myers ni bweni tu, watoto wanacheza mpira nje. Nakwambia kwa sababu Holmes aliyerudi kwao kila Ijumaa alipata digrii ile ile.

Dereva wa Usiku

Niongeze upande wa apatimenti, nimekaa huko miaka miwili na bado niko.

Mkataba kwa kitanda maana yake mwenzako asipolipa, haikuhusu. Hiyo ndiyo raha yake. Karaha yake: watatu wengine hukuwachagua. Mwaka wa kwanza nilipewa jamaa aliyefuga chatu. Sitanii. Kwenye tanki la kioo, sebuleni, na panya wa kumlisha wamegandishwa humo humo kwenye friji yetu, kando ya mfuko wangu wa sombe.

Pili, mkataba ni wa miezi 12, Agosti hadi mwisho wa Julai. Mkulima amekuhesabia miezi minne minne kana kwamba mwaka una mihula miwili na basi. Mara 12 ni dola 8,400, na Juni na Julai utalipa chumba ambacho hulali. Unaweza kumpangisha mtu wa kiangazi, lakini kila mwanafunzi wa Athens naye anatafuta mtu huyo huyo, bei inashuka mpaka nusu. Na zipo siku chache mwisho wa Julai ambapo mkataba wa zamani umeisha na mpya haujaanza. Mji mzima unaona magodoro barabarani. Mimi nililala kwenye gari usiku mbili.

Tatu, mdhamini. Wanataka mtu mwenye kipato mara tatu ya kodi, au zaidi, na karatasi za mshahara. Uliza hilo kabla ya kulipa ada ya maombi, maana hairudi. Mimi nilipohama nyumba ya kwanza walinikata pesa ya zulia ambalo nililikuta na doa. Siku ya kuingia piga picha kila kona, hata ndani ya oveni.

Usafiri usikuumize kichwa. Mabasi ya chuo yanazunguka, ya mji nayo yapo. Na unajua nani anaendesha ya chuo? Sisi wanafunzi. Wanakufundisha wenyewe mpaka unapata leseni ya magari makubwa. Mama yangu Kahama nilipomtumia picha nimekaa nyuma ya ule usukani alidhani nimefukuzwa shule.

Mama Furaha

Mutoto wangu, mimi si musomi, lakini nimesoma yote mulioandika hapa, mjukuu ananisomea maneno magumu. Niko Clarkston huu mwaka wa kumi na moja. Na mimi nimepita Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya Tanzania.

Mama yako alivuka ziwa na watoto, usiku, hakujua upande ule kuna nini. Wewe unaenda maili 60 kwenye lami. Sema naye. Usikae ukafikiri kwa niaba yake. Mimi binti yangu alibaki nyumbani kwa sababu yangu, sikumuomba, akaacha shule katikati kwa kuchoka, na mpaka leo tukigombana analeta ile maneno. Hata kama ni juu ya sahani.

Barua zipigwe picha zitumwe. Mudogo wako wa pili ana miaka mingapi?

Binti wa Nyarugusu

Asanteni wote. Mama Furaha, wa pili ana 15. Anasoma Kiingereza kuliko mimi, ni uvivu tu.

Nimeongea na mama jana baada ya zamu. Nilikuwa nimejiandaa, nina karatasi ya Mkulima mkononi. Akaniuliza swali moja tu: huko kuna mahali pa kupika? Nikasema East Campus lipo jiko. Akasema basi. Akaenda kulala.

Ila nina swali la pesa. Nikisema nakaa kwa mzazi au nikisema nakaa chuoni, msaada wa serikali unabadilika?

Mwana wa Pangani

Unabadilika, na wengi hujikata mguu hapo. Chuo hukadiria gharama yako ya mwaka, na anayekaa kwa wazazi hukadiriwa ndogo. Jumla ya misaada yako yote haiwezi kupita makadirio hayo. Kwa hiyo hakikisha ofisi ya misaada ya fedha imeandika mahali unapokaa kweli. Usidanganye, lakini pia usiache ikae "kwa mzazi" kwa kusahau kubadilisha. Grini kadi yako wawe nayo kwenye faili, wasije wakakukwamisha Agosti. Na HOPE ni wastani wa 3.0, maabara za muhula wa kwanza zinaangusha watu, jihadhari.

Na usiache kozi ya Kiswahili ikupite bila kuwajua watu wa idara ile. Profesa Lioba Moshi, Mtanzania mwenzetu, alijenga mafunzo ya lugha za Kiafrika pale. Ulizia kuhusu kuwasaidia wanaojifunza. Kuna watoto wa Marietta wanajua ngeli kuliko sisi, utashangaa.

Mkulima254

Dereva ameniumbua na miezi 12, nakubali. Bweni basi.

Dereva wa Usiku

Bweni, kama utalipata. Ukikosa, tafuta mtu anayeondoka Januari akupe mkataba wake uliobaki, huwa wanauza kwa hasara.

Kitu kimoja tu: siku ya kuhamia kwako isije ikaangukia Jumamosi ya mechi ya nyumbani. Uwanja wa Sanford wanaingia watu zaidi ya 92,000, maegesho yote yanafungwa kupisha mahema na majiko ya nyama, na hata mimi na basi langu siruhusiwi kupita njia zangu za kawaida.

Binti wa Nyarugusu

Nimetuma maombi ya East Campus jana usiku, nimeambiwa niko kwenye orodha ya kusubiri. Corolla inabaki na mjomba. Mdogo wangu leo amesoma barua ya bima peke yake kwa mara ya kwanza, amekosea tarehe, nikamsahihisha, akanuna.

Mama amenunua sufuria. Nimemwambia atazame chini, isiwe imepinda.