Tuliungana watu tisa kuandikia wasafiri kuhusu miji yetu, sasa kimenuka. Mliowahi kufanya hii kitu mlifanyaje?

Mchapalapa

Habarini wadau. Nina jambo naomba mawazo yenu, ni refu kidogo mnivumilie.

Tuko watu tisa, kila mtu na nchi yake, wote tunablogu mambo ya safari. Tulijuana kwa kusomana tu, huyu anakomenti kwa yule, mwisho tukafungua grupu. Wazo lilikuwa jepesi, badala ya mimi kuandika kuhusu mji niliolala siku tatu nikajifanya naujua, basi aliyekulia pale aandike, na mimi niandike wa kwangu, alafu msafiri akitoka kwako akija kwangu anakuta mwenyeji anamsubiri. Kila mtu anaweka kwake tunaunganishana kwa linki, na kuna jedwali moja la pamoja ambalo wote tunajaza: usafiri wa kutoka uwanja wa ndege, mitaa ya kulala, utapeli wa kuepuka, namba za dharura.

Miezi minne ya kwanza ilikuwa raha sana. Saivi mmoja amejitoa na anataka vitu vyake vyote vifutwe, hadi kwenye jedwali, na bahati mbaya ndiye aliyejaza kuliko wote. Mwingine tumemkuta amechukua maandishi ya wenzake wanne kayapanga kama kitabu cha kupakua, matangazo juu mpaka chini, ukimuuliza anasema si tulikubaliana ni vya wote.

Na kilichoniuma kuliko vyote, wiki iliyopita kuna msomaji kaniandikia. Alifuata maelezo yetu, ndege ikatua saa tano usiku, akaenda moja kwa moja kwenye kituo cha basi tulichomwelekeza, akasimama. Dakika arobaini. Mlinzi ndo akaja kumwambia basi hilo halisimami hapo tena, kituo kilishahamia upande wa pili wa jengo. Kanitumia na picha, nguzo ipo, kibao hakipo, yamebaki matundu ya skrubu tu. Wala hakutukana, ameandika kwa upole kabisa, na huo upole ndo ulioninyima usingizi.

Sasa naomba kuuliza. Mliandikishana makubaliano? Nani kwenu alikuwa anahakikisha habari haijaoza? Na huyu anayetaka vyake vifutwe, tumfutie au tumkatalie?

KalamuKavu

Pole mkuu. Nianze na swali la mwisho maana ndilo la haraka: mfutie. Najua inauma ila hamkukubaliana kitu, na mkishakuwa hamjakubaliana maana yake kila alichoandika ni mali yake. Haki miliki haihitaji kusajiliwa popote, ndivyo ulivyo utaratibu wa Mkataba wa Berne wa tangu 1886 na nchi karibu zote zimo, mtu akishaandika tu ni chake. Na kwa hoja hiyohiyo yule wa kitabu hana pa kusimamia, "ni vya wote" ya kwenye grupu siyo leseni. Mwambieni ashushe. (Angalizo dogo: anachomiliki huyo aliyejitoa ni maandishi yake. Kwamba uwanja una basi na linapita njia fulani hiyo ni habari tu, haina mwenyewe, mnaweza kuiandika upya kwa maneno yenu baada ya kwenda kuihakiki.)

Sasa kwa nini nasema leseni iandikwe mapema, kuna kisa kila mtu wa mambo haya angepaswa kukijua. 2003 Evan Prodromou na Michele Ann Jenkins walianzisha Wikitravel, mwongozo wa safari ambao yeyote anaweza kuuandika na kuusahihisha, yaani hilo jedwali lenu ila la dunia nzima. 2006 ikauzwa kwa kampuni. Baadhi ya wachangiaji hawakupenda, hasa waliokuwa wanaandika kwa Kijerumani, mwisho wa mwaka huohuo wakajitenga wakaanzisha Wikivoyage. 2012 na wa upande wa Kiingereza nao wakaamua kuhama, hapo palichafuka mpaka mahakamani, ila tarehe 15 Januari 2013 Wikivoyage ikazinduliwa rasmi chini ya Wikimedia, walewale wa Wikipedia.

Waliondoka na nini? Na maandishi yote. Miaka tisa ya kazi. Kampuni ilinunua jina na anwani ila maneno yenyewe yalikuwa yametolewa kwa leseni ya Creative Commons, ile ya BY-SA, inayosema chukua, tumia, badilisha, ila mtaje aliyeandika na wewe utakachotengeneza ukiachie kwa masharti hayohayo. Bila ile leseni wangeanza moja.

Kwaiyo chagueni. BY-SA inaruhusu mtu kuuza, msije mkashangaa baadaye, ila lazima awataje na hawezi kufungia kazi yake. Kama biashara hamuitaki kabisa kuna yenye NC, yaani isiyoruhusu kutumika kibiashara. Na mkishaachia kitu kwa leseni hizi hakirudi, anayejitoa anaweza kuomba jina lake liondolewe lakini maandishi yanabaki. Hilo aambiwe mtu siku anaingia, siyo siku anatoka.

Kobe_wa_Lami

Tisa?? Sisi tulikuwa watatu na tukavunjika kwa kugombania rangi ya nembo 😂 hata neno moja hatujaandika

MamaRamani

Kaka Mchapalapa, hiyo picha ya nguzo bila kibao ibandikeni juu ya jedwali lenu kabisa, nasema kweli.

Mimi nachora ramani kwa kujitolea miaka mingi kwaiyo nitaongelea kuoza. Kosa lenu naliona ni moja, mmechanganya vinavyokaa na vinavyooza kwenye mstari mmoja. Kwamba mto unaugawa mji mara mbili na upande wa mashariki ndo wenye kelele usiku, hiyo inakaa. Kwamba 112 ni namba ya dharura nchi zote za Umoja wa Ulaya, hiyo nayo inakaa. Kituo cha basi, saa za kufungua, geti gani lina foleni fupi, hivyo vinaoza huku unaviangalia. Cha kuoza usikinakili kabisa kama kuna mwenye nacho anayekitunza, weka linki ya kampuni ya basi yenyewe. Ukishanakili ratiba umejipa mtoto wa kulea.

Na kama hakuna pa kulinki, tarehe iwe kwenye jambo lenyewe. Siyo chini ya ukurasa "imehaririwa mwezi fulani", hiyo inadanganya, mtu kasahihisha herufi moja kwenye aya ya kwanza alafu ukurasa mzima unaonekana mbichi. Kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea kama mimi, tunayo lebo inaitwa check_date, ukipita mahali ukakuta kitu bado kipo unabadilisha tarehe tu, hata kama hujagusa kingine. Anayesoma anajua kuna mtu kasimama pale na miguu yake siku hiyo. Kuna na programu ya simu, StreetComplete, unatembea yenyewe inakuuliza, hili duka bado lipo? hapa pana benchi? unajibu ndiyo au hapana basi. Huhitaji kujua kuchora chochote.

Kwaiyo ushauri wangu, vituo, njia na milango msiviweke kwenye jedwali, viwekeni kwenye OpenStreetMap, alafu nyie andikeni maelezo. Ikisahihishwa na mgeni yeyote wote mnanufaika, na msafiri anaipata hata bila data maana programu za ramani za simu kama OsmAnd na Organic Maps zote zinasoma hukohuko. Ila tafadhali sana msikae mkanakili kutoka Google Maps mkamwaga kule, hairuhusiwi na vyote vitaondolewa. Nendeni mkaangalie kwa macho.

Mkalimani_Mvivu

Hayo ya leseni na tarehe sawa, nakubali, ila mimi naona tatizo lingine na halijatajwa. Mwenyeji hajui anachokijua.

Nilishawahi kuwa kwenye mradi kama wenu, mdogo zaidi, na mimi kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Napokea maelezo ya dada mmoja kuhusu mji wake, yameandikwa vizuri sana, anasema panda basi namba fulani shuka kituo cha sita. Basi. Nikamrudishia na maswali: napandia mlango wa mbele au wa nyuma? Nalipa naingia au natoka? Tiketi naigonga kwenye mashine au namuonyesha mtu? Kikifika kituo basi linasimama lenyewe au kuna kitufe, na nisipobonyeza linanipitiliza? Kimya siku mbili. Alafu akajibu, "nimepanda basi hilo miaka ishirini, imebidi leo nipande tena nijiangalie mkono." Nacheka mpaka leo. Mkono ulikuwa unabonyeza kitufe wenyewe, kichwa hakina habari.

Na yale maswali yangu ndo yakawa sehemu iliyosomwa kuliko zote, siyo historia ya mji wala picha za machweo. Kwaiyo kila mwenyeji mpeni mgeni mmoja, mtu wa nchi nyingine kwenye grupu lenu hilohilo, kazi yake kuuliza maswali ya kijinga kabla kitu hakijatoka. Mko tisa, zungukeni. Mtajuana vizuri pia, maana watu wengi wanaojitoa wanajitoa kwa sababu wanaandika peke yao hakuna anayewasoma, hata huyo wenu sishangai ikiwa ni hivyo.

Upande wa lugha, kila mtu aandike kwa lugha anayoiota, kutafsiri kuje baadaye. Global Voices wanafanya hivyo, walianza 2004 pale Harvard kwa kukusanya sauti za wanablogu wa nchi mbalimbali, na wana watafsiri wa kujitolea, hata Kiswahili kipo. Ninachowapendea, tafsiri inabeba majina mawili, la aliyeandika na la aliyetafsiri. Jina ndo malipo yenyewe jamani, msilionee choyo.

Jiwe_Pembeni

Mi naomba niwe mchawi hapa. Mnajadili namna ya kushirikiana, hakuna aliyeuliza kama kila kitu ni cha kutoa. Hallstatt kule Austria ni kijiji cha watu wasiofika 800, kina ziwa na kanisa, kimepigwa picha mpaka basi. 2023 wakajenga uzio wa mbao pale watu wanaposimama kujipiga picha ili mandhari isionekane, wakaja kuutoa baada ya kelele za mtandaoni. Nani aliwamwagia wageni? Hakuna mmoja, ni picha moja moja na linki moja moja.

Nyie mko tisa na mnaunganishana linki. Huyo mwenyeji anaandika kwa niaba yake, majirani zake wameulizwa? Kuna maporomoko, kuna vijia, kuna mahali watu wanaenda kukaa kimya, siyo lazima iwekwe na alama ya ramani.

Na wakati niko hapo, mtu akilazwa bure hotelini aseme amelala bure. Aya ya kwanza, siyo mwishoni kwa maandishi madogo kama sisimizi.

MamaRamani

@Jiwe_Pembeni hapo kwenye majirani umenigusa. Sisi kuna vitu hatuchori, mfano viota vya ndege walio hatarini. Ila kituo cha basi cha uwanja wa ndege hakimuumizi mtu kujulikana mkuu, tusiogope vyote.

Jiwe_Pembeni

Kituo sina ugomvi nacho.

Mchapalapa

Aisee asanteni, nimesoma mara mbili na grupu nimewapelekea.

Majibu mafupi. Aliyejitoa nimemwandikia jana kwamba tunafuta, na nikamuomba radhi kwa kuchelewa. Akajibu dakika hiyohiyo. Mkalimani ulipiga ndani, kasema miezi yote minne hakuna aliyewahi kumwambia hata "nimesoma". Hajasema anarudi, ila kasema mistari ya usafiri tubaki nayo, jina lake tutoe. KalamuKavu hiyo tumeiweka kwa maandishi safari hii, kakubali BY-SA kwa hiyo mistari tu.

Wa kitabu ameshusha, amenuna, bado yupo kwenye grupu hasemi kitu.

Kwenye majirani tumebishana jana usiku mpaka saa nane, hatujaafikiana. Watatu wanataka maeneo ya kimya yasiandikwe kabisa, wawili wanasema yaandikwe bila alama ya ramani, mimi sijui. Hilo nitalifungulia uzi wake.

Kituo nilienda mwenyewe juzi, maana ni cha mji wangu, kama mlikuwa hamjashtuka. Kutoka kwangu ni kama dakika ishirini na nilikuwa sijafika pale mwaka na zaidi, nikawa naandika kwa kukumbuka tu. Nguzo bado ipo. Kituo kipya ukitoka mlango wa wanaowasili unakata kulia, unafuata jengo mpaka mwisho, unavuka, kipo chini ya paa la bluu, na ndiyo, kuna kitufe usipobonyeza linakupitiliza. MamaRamani nimeshaweka na tarehe, naomba uniangalizie kama nimeijaza sawa maana ndo mara yangu ya kwanza.