Tupeane uzoefu: mnanunua nini, na wapi, kwa mtoto asiyeruhusiwa ngano? (Arusha na Moshi)

Mama wa Njiro

Habari zenu wapendwa. Uzi huu ni wa wazazi na walezi wenye mtoto mdogo aliyekatazwa gluteni (protini iliyomo kwenye ngano na nafaka chache nyingine), hasa tulioko Arusha na Moshi. Nimesoma maelekezo mengi ya Uingereza na Marekani, na karibu yote yanakupeleka supamaketi kwenye rafu ya vyakula maalumu. Kwetu rafu hiyo ama haipo, ama ina pakiti chache za tambi ambazo bei ya moja unabeba kilo kadhaa za mchele. Kwa hiyo tusaidiane kwa masoko yetu haya haya: Kilombero, Tengeru, Mbuyuni, Kiboriloni, na duka la Mangi hapo mtaani.

Wangu ana miaka mitatu. Tumbo lilijaa, choo hakikuwahi kukaza, uzito ukagoma, na kila akipimwa damu iko chini. Dawa za minyoo amekunywa mpaka basi. Majibu yalipotoka ni siliaki. Akila gluteni, ile iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (rye kwa Kiingereza), kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo mwembamba, vile vinyweleo vya kufyonza chakula vinasinyaa, ndiyo maana mtoto anakula vizuri na hanenepi. Dawa ya kumeza hakuna. Anaacha nafaka hizo maisha yake yote, na "kidogo tu" nayo haimo.

Nianze na uji, maana ndio chakula chake cha kila asubuhi. Nilimfuata mama tunayenunua kwake unga wa lishe nikamwomba anitajie kilichomo. Akanihesabia kwa vidole: mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga. Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Na ngano, ila ni kidogo, ya kulainisha." Kwenye mfuko ngano haikuandikwa. Siku hizi nanunua ulezi na mchele wa punje, nauchambua kwenye ungo, naosha, naanika, ndipo nasaga. Kwenye ulezi hupati shida kuiona punje ya ngano, ni kubwa mno. Kwenye mchele ndipo unakaa chini utulize macho.

Nilichokiona ni kwamba soko letu limejaa vyakula visivyo na gluteni toka kuumbwa kwake. Balaa linaanzia pale chakula kinaposagwa, kinapochanganywa au kinapokaangwa na mtu mwingine. Mwenye uzoefu atiririke.

Baba wa Soweto, Moshi

Umegusa penyewe mama. Kwetu kilichotutesa ni mashine ya kusaga. Mahindi nimechambua, sina wasiwasi, nafika mashineni mbele yangu kuna mzee anasaga ngano yake ya West Kili, ya chapati za harusi. Amemaliza, kijana anataka amwage ya kwangu. Nikamwambia hebu tikisa kwanza ule mfuko wa kitambaa unaotoa unga. Akaupiga kofi, lilishuka vumbi jeupe la kujaza kiganja. Akanicheka: "Baba, hilo ni vumbi tu."

Sasa piga hesabu. Kiwango kinachotumika kimataifa kuita chakula hakina gluteni ni isizidi miligramu 20 kwa kila kilo. Unga wa ngano una gluteni nyingi kiasi kwamba takribani robo gramu, pinchi moja ndogo ya vidole, inatosha kukifikisha kilo kizima cha sembe kwenye mpaka huo. Lile vumbi la kiganja lilikuwa limeshaharibu debe langu.

Wengine hushauri uwe wa kwanza asubuhi, au usagishe kwanza mahindi kidogo ya kusafishia, uyagawe kwa kuku. Inapunguza, lakini mimi kwa mtoto wangu siiamini, kwa sababu chekeche na kile kitambaa havifuliwi. Tulichofanya ni kuchangishana familia kadhaa tukanunua kimashine kidogo cha umeme cha kusagia nafaka kavu. Kinasaga mchele, ulezi na mahindi, ngano haijawahi kuingia humo na haitaingia. Umeme ukikatika tunarudi kwenye kinu, watoto wa jirani wanakuja kutwanga kwa furaha.

Mgeni wa uzi

Samahani jamani, Weetabix je? Wangu hali kitu kingine asubuhi.

Mama wa Njiro

Hapana dada, hiyo ni ngano karibu yote. Na Milo pia ina kimea cha shayiri. Konfleksi zinaonekana ni mahindi matupu lakini nyingi zimetiwa kimea cha shayiri kwa ladha, soma ubavuni. Oti nayo ina mambo yake: yenyewe si ngano, ila ya kawaida hukutana na ngano na shayiri kuanzia shambani hadi kiwandani. Chukua ile iliyoandikwa kabisa kwamba haina gluteni, na daktari ndiye aseme lini mtoto aanze.

Muuza nafaka, Kilombero

Mimi sina mtoto mwenye tatizo hili, nina mteja mwenye naye, na amenifundisha biashara yangu upya. Wateja hamjui haya kwa hiyo nawaambia. Sado ninayopimia mchele ndiyo hiyo hiyo ya kupimia ngano. Magunia yako wazi yamepangwa bega kwa bega, mteja akichota ngano akamwaga kidogo inaangukia kwa jirani. Halafu kuna viroba. Kiroba cha unga wa ngano kikiisha hakitupwi, kinafumuliwa, kinakung'utwa, kinawekewa maharage, ulezi, hata unga wa muhogo. Ukiona bidhaa imekaa kwenye kiroba chenye picha ya mashuke ya ngano, iache.

Njoo mapema, omba ufunguliwe gunia jipya, njoo na chombo chako cha kupimia. Na usituelezee gluteni tukiwa na foleni. Sema "mtoto wangu akila ngano anaumwa, hata vumbi lake." Hapo kila mtu sokoni anakuelewa, na mama wa pembeni atakusaidia kunikaripia nikikosea.

Shangazi wa Marangu

Mae! Nyie wa mjini mnahangaika na tambi na huku Uchagani chakula cha huyu mtoto kipo mgombani. Mtori, machalari, kiburu, magimbi, viazi, maharage, maziwa, mayai. Ndizi mshare sokoni hazikosekani. Mpwa wangu tulimwanzishia mtori wa nyama uliopondwa vizuri, mashavu yakarudi. (Maziwa tulimpa kidogo kidogo mwanzoni, maana daktari alisema utumbo uliochubuka unaweza kuyakataa kwa muda, ukipona unayakubali.)

Shida yetu si chakula, ni watu. Desemba ukoo mzima umepanda mlimani, mtoto anazungushwa nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ina beseni la maandazi. Bibi yake alikuwa ananiambia namtesa mjukuu wake kwa mambo ya kizungu. Unamficha andazi hapa, yeye anamvunjia kipande kule nyuma ya jiko, kwa mapenzi yake. Kumgombeza mama mkwe hakujakaa vizuri. Nilichofanya nilimkabidhi kazi. Nikamwambia, "Mama, vitumbua vya huyu ni vyako wewe, mtu mwingine asiguse." Nikamletea mchele, nazi, hamira na karai jipya. Sasa ukisogea na andazi karibu na huyo mtoto, bibi ndiye anayekufukuza na mwiko.

Ila vitumbua vya kununua barabarani msidanganyike kwamba ni mchele. Wapo wanaotia unga wa ngano vishikane. Bagia vilevile. Na chipsi za kibandani, angalia hayo mafuta yamekaanga sambusa ngapi tangu asubuhi.

Mwalimu wa chekechea, Sakina

Naongezea la shuleni, wazazi wengi hawalijui. Ule udongo laini wa rangi wa kufinyangia, ule wa kutengenezea darasani na hata baadhi ya wa kununua, ni unga wa ngano. Watoto wa miaka mitatu wanaufinyanga kisha vidole mdomoni. Mzazi mmoja aliniletea mapishi ya unga wa mchele na chumvi, sasa darasa zima linatumia huo, hakuna anayetengwa. Kwa keki za siku ya kuzaliwa, mzazi huniachia kopo la visheti vya mchele kabatini. Keki ikija, mtoto na yeye ana cha kwake. Na mtuambie mapema, sio kwa kutuandikia tu. Njoo usimame na dada wa jikoni muongee, kwa sababu mwiko wa uji anaukoroga yeye.

Mama wa watatu, Kijenge

Swali: wangu mmoja ana siliaki, sasa mdogo wake ameanza kuharisha. Nimwachishe ngano kimya kimya nione?

Baba wa Soweto, Moshi

Usimwachishe kwanza, mpime. Kile kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, na mtoto akiwa ameshaacha ngano majibu yanaweza kutoka safi na huku ugonjwa upo. Ndugu wa mgonjwa wana hatari kubwa kuliko watu wengine, kwa hiyo hata wasioharisha daktari anaweza kushauri wapimwe. Mwambie waziwazi kwamba kaka yake ana siliaki.

Mama wa Njiro

Asanteni sana, nimenakili ya sado na ya viroba. Niongeze la pakiti. Maandishi mengi ni ya Kiingereza, na anayekwenda dukani mara nyingi ni dada wa kazi. Nimembandikia karatasi ndani ya mlango wa kabati yenye maneno ya kukwepa: wheat, barley, rye, malt, semolina. Akiliona hata moja, anarudisha. Tumekuta ngano kwenye soseji, sosi ya soya, vidonge vya mchuzi, na hing ya unga (kile kiungo cha Kihindi) ya madukani mjini, ambayo kwa kawaida huchanganywa na ngano. Kuandikwa kwamba haina ngano hakutoshi, shayiri inaweza kuwemo. Na nembo ya TBS ni ya ubora, haisemi lolote kuhusu gluteni. Dawa za maji na vidonge muulizeni mfamasia, vingine hushikizwa na wanga, na wanga huo unaweza kuwa wa ngano.

Baba wa Himo

Wangu mkubwa anakaribia komunyo ya kwanza. Hostia, ule mkate wa komunyo, si ngano ile?

Shangazi wa Marangu

Ni ngano, kaka. Kwa Wakatoliki hostia isiyo na ngano kabisa hairuhusiwi, lakini zipo zenye gluteni kidogo sana, na Roma imezikubali. Asiyeweza hata hizo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Muone paroko kabla mafundisho hayajaisha, kwa sababu hizo hostia huagizwa, na kikombe chake lazima kiwe kando, kisiwe kile kilichodondoshewa kipande cha hostia.